Klabu, hoteli au kolabo: mpiga ala wa Zanzibar aanzie wapi?

Wiki moja, milango mitatu. Jumatatu hoteli moja ya Nungwi ilimwita mpwa wangu apige udi wakati wa chakula cha usiku, siku nne kwa wiki. Jumatano mzee mmoja wa klabu ya taarab akamwambia, "Njoo mazoezini, ukae nyuma ya mafidla, usikilize." Ijumaa akapata ujumbe wa sauti kutoka kwa produsa wa Ulaya aliyemuona kwenye video ya simu: anataka udi kwenye wimbo wake, rekodi imfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Jumapili, baada ya sala ya alasiri, kijana yuko barazani kwangu, udi kaulaza mapajani kama mtoto mwenye homa.

"Mjomba, nishike lipi?"

Nilimjibu kwa mdomo mpaka magharibi ikaingia. Lakini si yeye wa mwanzo kuniuliza, na najua hatokuwa wa mwisho, kwa hivyo nayaweka hapa. Niseme mapema ninakoegemea, usije ukadhani napima kwa mizani ya sonara: napiga fidla, nimelelewa na klabu, nimepiga hoteli miaka mitano, na kolabo nimefanya sita. Mbili kati ya hizo sita natamani nisingezifanya.

Hoteli

Kwa pesa ya mkononi hoteli inashinda, sina haja ya kuzunguka. Unapiga leo, unalipwa usiku huo au mwisho wa wiki. Klabu itakugawia baada ya harusi, tena ikishatoa ya gari, ya nyuzi na ya vipaza sauti. Kolabo inaweza ikakulipa baada ya mwaka, au isikulipe kabisa. Ukiwa na mtoto wa skuli na kodi ya nyumba, huwezi kumwambia mwenye nyumba asubiri mpaka wimbo utoke.

Ila hesabu yote, usihesabu nusu. Nungwi hadi mjini ni karibu kilomita 60. Ukimaliza kupiga saa nne na nusu za usiku, daladala za 116 zishalala, na gari ya kukodi itakula fungu zuri la ulichopata. Tizama pia kama chakula kimo kwenye makubaliano. Kuna hoteli wanamuziki wanakula wanachokula wageni, na kuna hoteli mnapewa sahani za wali jikoni, mmesimama. Na uulize udi utakaa wapi. Ukumbi wa ufukweni una upepo wa chumvi na unyevu. Vigingi vinalegea kati ya wimbo na wimbo, na gundi ya tumbo la udi haipendi kukaa nje usiku nne kwa wiki. Nimeona udi wa Misri, mzuri, umefumuka ubavuni kwa msimu mmoja.

Hayo ya pesa na gundi yana dawa. Lililonitia khofu mimi ni jengine.

Hoteli moja, jina nalihifadhi, tulikubaliana tuje watu watano: udi, ganuni, fidla mbili na ngoma ya dumbaki. Tulipofika, meneja akatuhesabu kama mtu anayehesabu mizigo bandarini, akasema fidla mbili za nini, zinafanana, mmoja arudi. Tukamweleza kwamba fidla ya pili inaijibu ya kwanza, bila ya jibu wimbo unakuwa swali tupu. Akasema, "Wageni hawatojua." Mwenzangu akarudi na fidla yake. Tukapiga wanne. Na kweli, hakuna aliyejua.

Ndiyo hapo ilipo khatari. Hotelini hakuna atakayekwambia umekosea. Wimbo wa taarab unaotaka dakika kumi na tano, na bashrafu yake mbele, yaani muziki wa ala tupu wa kuufungulia, unaukata uwe wa dakika tatu, kwa sababu mgeni anasubiri zile nyimbo mbili alizozisikia tangu kwenye gari ya kutoka uwanja wa ndege. Unazipiga. Kesho unazipiga tena. Wanakupigia makofi hata ukiwa umezipiga kwa mkono uliolala. Baada ya miaka miwili ya hivyo nilirudi kukaa vizuri klabu. Tukaanza wimbo wa bayati, na mzee wa ganuni akainua mkono, ala zote zikanyamaza, akanitizama juu ya miwani: "Hiyo sauti yako ya pili imekuwa ya kinanda."

Nieleze kidogo kwa asiyepiga. Nyimbo nyingi za klabu zetu ziko katika mpango wa sauti tunaouita makamu, ya nahawandi au ya hijazi, na hizo hata akodiani inazipiga bila tabu. Lakini zipo za rasti, za bayati, za sika, ambazo ndani yake mna sauti inayokaa baina ya kitufe na kitufe cha kinanda. Kinanda hakina pahala pa kuiweka. Ganuni inayo: chini ya nyuzi zake, tatu tatu mpaka kiasi cha 78, pana vijiti vidogo vya chuma unavyovisimamisha na kuvilaza ili sauti ipande au ishuke kwa uchache tu. Udi na fidla hazina alama yoyote shingoni, kwa hivyo kidole kinaitafuta sauti ile kwa sikio. Na sikio, ukiliacha miaka miwili pembeni ya kinanda cha hoteli kila usiku, linahama bila ya kukuaga.

Miezi minne ilinichukua kuirudisha. Pesa za hoteli nilikuwa nishazila zamani.

Klabu

Klabu haikulipi kwanza. Hilo lijue, usije ukalalamika mbele. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club inahesabu kuanzia 1958, na kote huko kijana anaingia kwa mlango wa nyuma: anabeba viti, anakunja nyaya, anaitikia na kora, yaani waitikiaji, anakaa nyuma ya waliomtangulia. Unaweza ukamaliza mwaka hujapiga hadharani hata wimbo mmoja mzima.

Katika mwaka huo lakini unapata usichoweza kukinunua. Unajifunza nyimbo nyingi ambazo hazijaandikwa popote, zimo vidoleni mwa watu. Unajifunza kungoja: mwimbaji akivuta neno, ala zinasubiri, hazimkimbilii. Unajifunza kwamba bashrafu haipigwi ili watu wakae vitini, inapigwa ili makamu iingie masikioni kabla maneno hayajaanza. Na unasahihishwa. Mzee anakusimamisha mbele ya watu thelathini, unaona haya, jasho linakutoka, na kosa lile hulirudii maisha yako yote.

Kuna jambo la pili, ambalo vijana hawaliulizi. Siku mama yangu alipofariki, kabla jamaa wa shamba hawajafika, barazani walishakaa wapiga ala kumi na mmoja. Waliochukua khanga na waliokwenda kununua ubani walikuwa wao. Walichanga bila ya kuambiwa. Miaka mitano ya hoteli haikuniletea hata salamu kwa simu. Sisemi kwa kulaumu. Hoteli ni kazi, na kazi haina matanga. Lakini msanii wa kujitegemea hana bima, hana likizo ya ugonjwa, na anayedhani atajitegemea peke yake hajapata kuugua.

Tabu za klabu nazo ni za kweli. Ya kwanza ni wimbo wako. Kwenye taarab mmoja anatunga maneno, mwengine anatia muziki, wa tatu anaimba, na mwisho wa yote wimbo unajulikana kuwa wa klabu. Kijana aliyezoea kuona jina lake kubwa juu ya picha ya wimbo wake mtandaoni anaumia. Nimemuona mtunzi mahiri, maneno yake yanaimbwa kila harusi kuanzia Kikwajuni mpaka Bububu, na akipita njiani hakuna anayegeuza shingo. Ya pili ni mwendo. Unaleta wimbo mpya, unasikilizwa, unaambiwa "utatizamwa". Utatizamwa hiyo inaweza ikawa Idi hii, au Idi baada ya ijayo. Ya tatu ni fedha za kutunza. Mwanamke anapotoka kitini na noti mkononi, akicheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, ile noti ina taratibu yake, na kila klabu ina yake. Kwengine ni ya mwimbaji, kwengine inaingia fungu la wote. Uliza siku ya kwanza, kwa adabu, usiulize siku ya kugombana.

Na klabu si gereza. Rajab Suleiman alijulikana kwa ganuni ndani ya Culture Musical Club, kisha akasimamisha kundi lake, Kithara, na wakatoa albamu iliyofika mbali na hapa. Aliyesikiliza vizuri anasikia klabu imo ndani yake. Alitoka ameshiba, na mtu aliyeshiba anaweza kupika chakula kipya kwa utulivu.

Kolabo

Huku ndiko roho za vijana ziliko, na siwalaumu. Tena sitaki mtu anambie kolabo ni uharibifu wa kizazi hiki. Taarab yenyewe inasimuliwa kuanza hivyo: Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni, akarudi, akafundisha. Mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, mwaka 1928, alipanda meli na wanamuziki wenzake akina Subeti, Mbaruk, Buda na Maalim Shaaban, wakenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya kigeni, kwa mashine za kigeni. Kama ile haikuwa kolabo sijui tuiite nini. Bi Kidude, mwimbaji wetu aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bibi kizee aliposimama na vijana wa kundi la Offside Trick, na hakuna aliyemsikia akasema bibi kapotea. Mwaka 2005 ulimwengu ulimpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia. Hakujibadilisha ili aipate. Na Siti and the Band, waliotokea kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, walitoa albamu yao 2018 wakichanganya taarab na midundo ya kwengine, na maneno yakabaki ya Kiswahili chetu.

Kwa hivyo suala la kufanya au kutofanya kolabo nalipita haraka: fanya. Kubwa ni aina gani. Mimi nazigawa mbili tu, kolabo ya chumba kimoja na kolabo ya faili.

Ya faili kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyomfika mpwa wangu. Produsa yuko kwao, wewe uko kwenu. Anakutumia mdundo ulioshatengenezwa, unapiga juu yake, unamrudishia. Yangu moja ilikuwa hivi. Mdundo ulikuja mzuri, besi nzito, ngoma zimepangwa. Nikaifunga milango, nikazima feni, nikamwambia jirani amnyamazishe jogoo kama anaweza, nikarekodi maneno manne ya fidla katika bayati. Nilifurahi nayo. Baada ya siku tatu likaja jibu la upole kabisa: fidla nzuri sana, ila pana sauti moja imeteleza, tumeinyoosha kwa programu, sikiliza. Nikasikiliza. Ile sauti ya baina, ile iliyonigharimu miezi minne na haya mbele ya watu thelathini, imevutwa mpaka kwenye kitufe cha kinanda. Vidole ni vyangu, upinde ni wangu, maneno si yangu. Ilikuwa kama kusikia mtu anasema kwa sauti yako kitu ambacho hukukisema.

Nilimuandikia kumweleza. Akaelewa, nampa haki yake, lakini wimbo ulishatoka. Na kwenye orodha ya wapigaji pakaandikwa: "fidla: Zanzibar". Kisiwa kizima kimepewa sifa, mimi sikutajwa.

Ya chumba kimoja ni mambo mengine. Alikuja mpiga saksafoni kutoka Sweden, kakaa wiki mbili Mji Mkongwe, akaomba tupige pamoja. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Kila nikifika kwenye ile sauti yeye anafika karibu yake na tunagongana kama watu wawili kwenye kichochoro cha Mkunazini, kila mmoja akimpisha mwenziwe upande ule ule. Siku ya pili akaacha kupiga. Akakaa chini kwenye mkeka, akanambia nipige sauti tano tu, taratibu, tena na tena. Siku ya tatu akaipata, kwa kulegeza midomo na kuziba kitufe nusu. Aliipata mara moja, akaipoteza, akaipata tena, kisha akacheka peke yake kama mwendawazimu. Tukatoka kwenda kunywa urojo. Wimbo tulioufanya baadaye ulikuwa na nusu yake na nusu yangu, na tuliandikiana hivyo hivyo, nusu kwa nusu, kwenye karatasi moja ya daftari, saini mbili.

Mtu atasema hizo ni bahati za mji, wageni wanakuja wenyewe. Kweli. Na faili nayo haikwepeki, dunia inakwenda huko. Kwa hivyo ukiikubali, ijue makamu kabla ya kuijua bei. Muulize produsa wimbo uko katika makamu gani, au kwa lugha yake, vinanda vyake vimekaa kwenye sauti zipi. Kama kuna kinanda ndani yake, mpigie nahawandi au hijazi, mtaelewana na hakuna atakayekunyoosha. Kama unataka bayati au rasti, mwambie aondoe kinanda pale udi unapopita, na umuandikie wazi kwamba sauti ile ni ya makusudi. Andika. Ujumbe wa sauti haujulikani umekwenda wapi ukishafutwa.

Halafu karatasi. Hapa tunaumia sana, kwa sababu tunaona aibu kuzungumza fedha na mtu anayetusifu. Rekodi ya wimbo ina haki mbili tofauti: haki ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na haki ya ile rekodi. Ukilipwa mara moja kwa kupiga udi, huenda umeuza mchango wako kwenye rekodi, na si vibaya kama bei imekuridhisha. Lakini kama ile sauti inayoshika wimbo mzima, ile watu watakayoipiga miluzi, umeitunga wewe, hilo ni jambo la pili na linataka mgao wa pili. Kabla hujatuma chochote, jirekodi kwenye simu ukipiga tungo yako peke yake, iwe na tarehe. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki tangu 2003 na ofisi yake, COSOZA. Wale wa Bara wana yao, COSOTA, usichanganye. Kundi likisimama, kuna kujisajili BASSFU, baraza letu la sanaa, vile vile. Foleni zake unazijua, lakini siku ya ugomvi utafurahi una namba.

Kolabo ikikosa vyote hivyo, bado inaweza kukupa kimoja: kusikika. Usikidharau, ila usikile pia. Hakijazi sufuria.

Kalenda, ambayo hakuna anayeitizama

Mpwa wangu alihesabu pesa za hoteli kwa kuzidisha wiki moja mara hamsini na mbili. Nikamcheka.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wageni wanapungua na hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kwa ukarabati. Huna pa kupiga. Ramadhani muziki unanyamaza, klabu zinapumzika, harusi hakuna. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo kuna miaka inaanguka Machi na Aprili, ndani ya masika yale yale. Miaka hiyo mlango wa hoteli na mlango wa harusi hujifunga kwa pamoja, na hapo ndipo unamuona mpiga ala mzuri anauza simu. Kabla yake, Shaabani, harusi zinasongamana na unaweza kupiga mpaka upinde ukakatika manyoya. Za Shaabani ziweke. Kuanzia Juni mpaka Oktoba na kuanzia Disemba mpaka Februari hoteli zinahema tena.

Februari pana tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, tangu 2004. Pale hupandi na muziki wa kwenye mashine, unapiga mwenyewe, na ndiyo maana aliyelelewa klabu hana wasiwasi akiitwa. Ila usijenge mwaka wako juu ya tamasha moja: 2016 halikufanyika kwa ukosefu wa fedha. Hata Chuo cha Jahazi, kilichoanzishwa 2001 na kutufundishia vijana wengi, kilitangaza 2019 kuwa kinakaribia kufunga kwa sababu hiyo hiyo.

Faili, kwa haki yake, haina masika. Unaweza kurekodi Aprili, mvua ikipiga bati. Au usiweze: bati likilia, rekodi imekufa. Nilijaribu kuning'iniza magodoro matatu. Haikusaidia.

Kwa wanaoimba, khasa wanawake

Mambo yanabadilika kidogo hapa. Msichana anayeimba hoteli ya mbali usiku hapambani na bei tu, anapambana na midomo ya mtaa, na wazazi wana haki ya kuuliza anarudi na nani. Klabu ina heshima ya miaka na ina watu wazima. Baba akisikia binti yake yuko na akina bibi fulani, anatulia. Lakini klabu hizo hizo zinaweza kumkalisha msichana kwenye kora miaka mingi, wakati sauti yake iko tayari. Waimbaji niliowaona wakifanikiwa walishika vyote viwili: mguu mmoja kwenye kora, na pembeni kikundi kidogo cha watu wanne au watano wanaoaminiana, wenye gari moja ya kurudi nayo. Gari ndiyo siri. Makubaliano ya hoteli yaanze na gari, mshahara ufuate.

Ukiwa Pemba

Kijana wa Wete au Chake ananiambia, "Nyinyi mna cha kuchagua." Kweli, hoteli kule ni chache, na produsa wa kigeni hapiti Mkoani kununua karafuu. Lakini nitamwambia kitu ambacho hataki kukisikia: usikimbilie boti. Pemba ina ngoma ya msewe, ina ngoma ya kibati na majibizano yake ya papo kwa papo, ambayo mtu wa Unguja hayajui hata kwa kuyasikia. Ukija mjini na taarab ile ile tuliyonayo, utakuwa fidla ya kumi na nne. Ukija umeshakaa na wazee wa kibati, una simu imejaa rekodi zao na ruhusa zao, wewe ndiye utakayefuatwa. Kolabo ya mwanzo ya mtu wa Pemba naiona iwe na mzee wa kijijini kwake. Na mgao wa mzee uandikwe vile vile. Yale ya "fidla: Zanzibar" tusiyafanyiane wenyewe.

Nilimwambia nini

Nilimwambia hoteli asiikubali siku nne. Aombe mbili, Ijumaa na Jumamosi, na gari ya kurudi. Wakikataa, wakatae. Siku mbili zinalipa kodi ya chumba na haziwezi kumla sikio, maadamu siku nyengine kuna mtu wa kumsahihisha. Ungekuwa na watoto watatu na huna kazi nyengine ningekwambia wewe chukua nne, na usinisikilize mimi; lakini yeye ana miaka 22 na anakula kwa mama yake.

Klabu aende wiki hii hii. Akae nyuma ya mafidla kama alivyoambiwa, abebe viti, asiulize atapiga lini.

Produsa alitaka kumjibu "ndiyo" pale pale barazani, kidole kishafika kwenye simu. Nikamuomba anipigie kwanza sauti tano za bayati. Akapiga. Ya pili ilikuwa juu kidogo, imekaa kwenye kitufe cha kinanda. Sikumsahihisha, nikamwambia apige tena. Akapiga mara sita, mara ya saba akasimama mwenyewe, akakunja uso, akashusha kidole kwa upana wa uzi, akapiga. Akanitizama. Nikamimina kahawa.

Jibu alilomuandikia produsa lilikuwa swali moja tu: wimbo wako una kinanda? Mpaka naandika haya ni siku ya nne, na ujumbe una alama mbili za buluu, maana yake umesomwa.